Mlango wa Nyuma wa Fundi Makochi

Fundi makochi wa uchochoroni kwetu, mama mtu mzima niliyemwita Shangazi, nilimjua kwa biashara: nilimpelekea mbao, akanishusha bei mpaka nikabaki nacheka. Kwa hiyo halmashauri iliponipa kibali cha kujenga ghala ambalo ukuta wake ungeziba mlango wa nyuma wa karakana yake, mlango pekee unaopitisha kochi zima, nilijua atakuja.

Alikuja, nikamkaribisha chai. Sheria ilimpa miezi mitatu ya kuupinga uamuzi ule mahakamani, nami hesabu yangu ilikuwa moja: tuzungumze mpaka ipite.

"Shangazi, haraka ya nini? Sisi majirani, tutaelewana."

"Tutaelewana tu, mwanangu. Ongeza sukari."

Kila wiki tulielewana, na hakuna lililoandikwa. Miezi ilipotimia nikamfuata karakanani. Alikuwa amekalia kochi jipya, akijaribu springi zake kama kawaida yake.

"Shangazi, muda wa kwenda mahakamani ulikwisha jana."

"Ndiyo maana nilikwenda juzi," akasema, akirukaruka kidogo. "Wito wako uko njiani. Ulidhani nakunywa chai yako kwa kiu?"

Kesi ingenichelewesha, na mbao zangu zilikuwa zinanyeshewa. Tukapatana palepale, safari hii kwa maandishi: mimi nikausogeza ukuta, yeye akaiondoa kesi. Ghala langu limekuwa jembamba, lakini mbao ni kavu. Makochi yake yanapita mlangoni bila kukwaruzwa, na chai sasa nakunywa kwake, nimekalia springi nzuri.