Ulimi wa Mpika Bia

Jirani yetu anayejipikia bia nyumbani hamwagi maji, huyashusha. Kila Jumamosi, uani kwake, hulaza kisahani juu ya kimea cha shayiri kilicholowekwa ndooni, kisha humimina maji ya moto juu ya kisahani hicho, kata baada ya kata, ili yatawanyike polepole na kuusuuza utamu wote bila kukivuruga kimea. Chini ya ndoo, bomba dogo hutoa uzi mwembamba wa maji ya kahawia. Ukimsemesha wakati huo, hakusikii. Mkewe akipita na beseni la nguo, humpungia mkono asogee huko. Mara kwa mara hukinga kijiko bombani, huonja, hufumba jicho moja.

“Kipimo changu ni ulimi,” hupenda kututambia. “Utamu ukiisha, nafunga. Ukizidisha maji, unakamua ukakasi wa maganda.”

Jumamosi iliyopita, akiwa ndiyo kwanza ameinuka kitandani baada ya homa, alionja, akafumba jicho, akaonja tena. Akabadilisha kijiko. Hata mimi dirishani niliona maji yamepauka, lakini bomba lilikuwa bado wazi. Mwishowe akaita kwa sauti ndogo, “Mama watoto, hebu njoo uonje.”

Mkewe akatua beseni, akaonja, akakunja uso. “Ala! Funga, baba watoto. Hii imeshakuwa kama maganda ya ndizi mbichi.”

Akafunga papo hapo, bila ubishi. Mkewe alipogeuka, mume alikilamba kijiko kilekile, taratibu, kama mtu anayepapasa swichi gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe.