Maji ya Mwezi Kumi na Tisa

Baba yangu aliandika orodha ya safari mara tatu. Ya kwanza alimsahau mke wa kaka yangu Anuar. Ya pili alimweka karibu na shoga yake, kisha akasema hapana, hawa wawili wakikaa pamoja watacheka mpaka boti iinamie upande. Ya tatu ndiyo iliyobaki: watu ishirini na wawili, kila mmoja na pahala pake, wanene katikati, wenye watoto karibu na nahodha, na mimi, Ulfat, mbele kabisa na simu, kwa sababu kwa maneno yake mimi ndiye pekee katika wanawe ninayejua kujibu simu kwa adabu. Hakuna aliyeruhusiwa kubeba zaidi ya beseni moja.

Jina lake Himid. Alizaliwa Jongowe, kisiwani Tumbatu, akaja mjini kijana, akahesabu mizigo bandarini mpaka akastaafu, na nyumba yetu iko Amani. Kila mwaka baada ya Idd yeye ndiye aliyekuwa akipanga safari ya ukoo mzima kuvuka kwenda Jongowe. Kazi hiyo si nyepesi. Bahari baina ya Mkokotoni na Tumbatu yakijaa maji utadhani inapitisha meli, na yakitoka hubaki mafungu ya mchanga na mikondo myembamba baina yake. Boti iliyochelewa hulala ubavu mchana kutwa, na waliomo ndani hubaki kutazamana.

Watu siku hizi hutazama simu kujua maji yatajaa saa ngapi. Baba alihesabu mwezi. Alianza mwezi mosi, akaja na vidole vyake mpaka siku ya safari, akakutajia saa. Mimi nilikuwa nikimfanyia stihizai, nikitazama kwenye simu kimyakimya nipate kumkamata, na sikuwahi kumkamata. Hata nahodha wetu, Mmanga wa Mkokotoni, alikuwa akimpigia kumuuliza, na kabla yake marehemu babake alifanya hivyo hivyo. Baada ya miaka, hata mimi niliacha kutazama.

Safari hizo zilikatika miaka minane. Sababu yake ni mimi, ingawa sikufanya lolote. Dada yake baba, mkubwa wake na ndugu yake wa pekee, Bi Mwanakheri, alikuja Amani kuniposa kwa ajili ya mwanawe Machano. Mimi mwenyewe nisingemkubali, maana Machano nilikua naye na nilimwona kama kaka. Lakini sikuulizwa. Baba alijibu kabla chai haijamiminwa, akasema binti yake hampi mtu anayenuka pweza. Yeye, aliyelelewa kwa huyo pweza, na aliyelishwa na huyo dada baada ya mama yao kufa!

Bi Mwanakheri alivaa buibui lake taratibu. Mlangoni akageuka.

"Himid, ushakuwa mtu wa mjini," alisema. "Ipo siku hata maji ya kwenu yatakupotea."

Neno lile lilimkaa baba kifuani kuliko tusi lolote. Mama yangu alipofariki mwaka jana, shangazi alikuja matangani, akakaa na wanawake, akalia kwa uchungu wa kweli, akaondoka bila ya kumpa mdogo wake mkono. Baba alimwona akipita. Alijifanya anatengeneza kandambili zake.

Siku ya kumi hivi baada ya Idd ya mwaka huu, Machano akanipigia. Mamake moyo umemchoka, miguu imevimba, na hospitali wamemrudisha nyumbani. "Mwambie mjomba aje na wanawe wote," alisema. "Mama anataka waradhiane kabla hajaondoka."

Nilimpa baba habari. Akaomba karatasi na kalamu. Nikamwambia, "Baba, nenda kesho na boti ya abiria, sisi tutafuata."

"Kasema na wanangu wote. N'takwenda nao wote wiki ijayo, maji yakijaa asubuhi, na n'tashukia mbele ya mlango wake."

Nilikasirika. Nilijua kuwa anaogopa kwenda peke yake, na anauficha woga wake katika orodha. Sikumwambia. Angalau anakwenda, nilijisemea.

Hapa lazima nieleze habari ya Idd. Tangu mama atutoke, baba anakula kwa Anuar, na Anuar hufuata mwezi ukionekana popote duniani. Baba maisha yake yote alifuata mwezi wetu, ulioonekana kwa macho ya watu wa hapa. Mwaka huu Anuar na nyumba yake walikula Idd siku moja kabla ya mtaa mzima. Baba hakutaka kufunga peke yake katika nyumba inayonukia pilau. "Nikifunga mwenyewe, nani atanifutarisha?" alisema, akacheka, na kile kicheko sikukipenda. Akavaa kanzu, akenda kusali nao.

Na kutoka siku ile ndipo alipoanza kuhesabu. Kwake yeye mwezi mosi wa Mfunguo Mosi ni siku aliyosali Idd, haijapata kuwa vingine. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka.

Jioni ya kuamkia safari Mmanga alipiga simu. "Mzee, mie naona tuondoke saa moja na nusu."

"Saa mbili u nusu, Mmanga. Kuna watoto, watu wanywe chai yao. Maji nnayajua."

"Haya mzee, wewe ndiye mwenyewe."

Tuliondoka Mkokotoni saa mbili na nusu barabara. Hakuna aliyechelewa, na baba alifurahi kama bwana harusi. Alivaa kofia mpya iliyoshonwa kwa mkono. Mapajani alishika mfuko wenye kanga mbili alizozichagua mwenyewe soko la Mwanakwerekwe, na kila baada ya muda alitia mkono ndani kuzishika. Nilimsikia akinong'ona chini kwa chini, "Dada, nisamehe. Dada, mimi ndiye niliyekosa." Alikuwa akijifunza. Mzee wa miaka sabini na moja anajifunza kusema samahani, na mimi nikatazama upande mwingine ili asinione nalia.

Kijiji kilipoanza kuonekana, Mmanga alitaka kuzunguka kwa mkondo mkubwa. Baba akamwonyesha kwa mkono: kata juu ya fungu, moja kwa moja, tushukie mlangoni kwa Mwanakheri. "Maji yapo mpaka saa tatu na nusu." Mmanga aliyatazama maji, akamtazama baba, akakata.

Tulisikia mchanga unakwaruza chini. Boti ikasita, ikasogea kidogo, ikasimama. Wanaume waliruka, maji yakiwa magotini, wakasukuma. Anuar alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Walipopumzika na kurudi tena kusukuma, maji yalikuwa yamefika nusu ya miundi.

Mmanga akaja kwa baba. Hakupandisha sauti.

"Mzee, leo mwezi ngapi kwako?"

"Kumi na tisa."

"Sisi leo kumi na nane."

Baba alianza kuhesabu vidole. Alifika katikati, akaacha. Anuar alikuwa amesimama ndani ya maji, anasikia, na uso wake ulibadilika. Siku moja ya mwezi ni karibu saa nzima ya maji, na baba alituondoa kwa saa ya kesho. Tulikuwa tumeondoka maji yakiwa yameanza kutoka zamani, na yasingerudi kutunyanyua mpaka kuelekea magharibi.

Simu ikalia. Machano.

"Ulfat, mama tumemkalisha mlangoni, anaiona boti. Mbona mmesimama?"

Nilimtazama baba. "Anauliza mbona tumesimama."

"Mwambie tunapumzika."

"Baba, tumekwama."

"Mwambie tunapumzika! Watoto wamependa mchanga, wanacheza kidogo. Tunakuja."

Anuar alisema, "Baba, waambie kweli." Baba akamgeukia na macho mekundu. "Mwanakheri hatonisikia nimekwama mbele ya mlango wake. Hatonisikia!"

Nikaweka simu sikioni. Nikasema kwa adabu yangu yote, "Tumesimama kupumzika, watoto wanacheza. Tunakuja." Machano alirudia, "Kupumzika." Kisha akasema haya, akakata.

Fungu likakauka lote. Watoto walicheza kweli, wakaokota kome, na vicheko vyao vilinichoma. Baina yetu na kijiji ulibaki mkondo mmoja mwembamba, wa maji mengi na wenye nguvu, ambao mzee hawezi kuuogelea. Baba hakukaa. Alisimama pembezoni mwa mkondo na mfuko wake wa kanga, ameelekea kwenye ile nyumba, na kofia ilikuwa imemlowa jasho.

Adhuhuri Machano akapiga tena. "Bado mnapumzika?"

Nilimtazama baba. Akaitikia kwa kichwa. "Bado kidogo," nikasema. Ningeweza kusema neno moja tu, tumekwama. Nna miaka thelathini na mbili, nasomesha watoto wa watu, na nilimtii kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Baada ya hapo simu haikulia. Kiasi cha saa tisa tuliona watu wanakwenda kwenye ile nyumba, kwanza mmoja mmoja, kisha makundi, na wanawake wanaingia ndani wamejifunika. Mke wa Anuar aliwaita watoto, akawaambia waache kucheza. Baba alipiga magoti pale pale mchangani, akatia uso ndani ya mfuko.

Maji yalitunyanyua saa kumi na moja na nusu. Machano alitupokea ufukweni, akambusu mjomba wake mkono. "Mama katutangulia," alisema. Maziko yangekuwa kesho asubuhi. Baba aliingizwa ndani, akafunuliwa uso wa dada yake, na nilimsikia akisema yale maneno yote aliyojifunza kwenye boti, kwa mpango ule ule, hakuacha hata moja.

Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba kusaidia kuteka maji. Machano alikuwepo kwenye pipa. Aliniuliza bila ya kunitazama, "Mlipumzika vizuri?"

"Tulikwama, Machano. Tangu saa tatu. Baba alikosea maji, akaona haya kusema."

Aliweka ndoo chini. Alitazama upande wa bahari, akanitazama mimi.

"Kidau changu kilikuwa mkondoni, kinaelea," alisema. "Ningekuja kumchukua mjomba. Robo saa tu, Ulfat. Mama alikuwa bado anaweza kusema."

Akaiinamia ndoo, akaiacha.

"Nilimwambia mmesimama kupumzika. Hakuamini, nikapiga tena. Ulivyonijibu mara ya pili akasema, 'Himid hakosei maji. Kama kasimama pale, kataka mwenyewe.' Akaniomba nimrudishe ndani, nimgeuze uso ukutani, asiione tena bahari. Hakusema kitu kingine mpaka roho ikamtoka."

Alibeba ndoo akaenda zake. Sikumlaumu. Nilikaa juu ya jiwe, nikalia mpaka nikaitwa.

Aliyeniita ni baba. Alikuwa barazani, amekaa peke yake, na ndani walikuwa wameshaanza kusoma Yasini. Mfuko wa kanga haukuwepo tena mikononi mwake, kanga alikuwa amemfunika nazo dada yake miguuni. Akanishika mkono, akaniketisha.

"Umesema na Machano?"

"Naam, baba."

"Alisema nini Mwanakheri? Kabla ya kufa, alinitaja?"

Nilimtazama. Alikuwa amezeeka kwa siku moja kiasi ambacho mtu angemwona sokoni asingemjua. Nikatafuta ile sauti yangu ya adabu, ikaja.

"Alikutaja. Alisema yu radhi na wewe, baba. Alisema usijisumbue."

Aliendelea kunisikiliza, kana kwamba bado nnasema. Kisha akanikaza mkono.

"Niapie," alisema.

Nilifungua mdomo. Ndani walikuwa wakisoma, na jina la Mungu lilikuwa pale pale juu ya ulimi wangu, na halikutoka. Tulikaa hivyo, yeye ananingoja. Halafu baba akauachia mkono wangu, akauweka taratibu juu ya paja langu.