Salamu ya Makofi

Jumanne ya kwanza ya Kwaresima, mwanangu aliacha kupiga makofi. Hakuwa na neno hata moja la kupoteza, kwa hiyo kilichopotea ni hayo makofi.

Alikuwa na miaka minne na nusu. Tulipanga chumba na sebule mtaa wa Mazwi, mjini, mume wangu akiendesha bodaboda, mimi nikiuza unga wa ulezi barazani. Mama yangu mzazi alikuwa amekuja kutoka kijijini kwetu Mwazye tangu Krismasi kunisaidia kumlea. Kila asubuhi mama alipiga magoti mbele ya mjukuu wake, kama kwetu Ufipa tunavyowasalimia wakubwa, akakutanisha viganja na kupiga taratibu huku akimwamkia kwa Kifipa. Mtoto hakumtazama. Alitazama mlango. Lakini mama akishamaliza, naye alipiga, mara tatu, siku nyingine nne. Mimi nikimwita jina lake hageuki. Baba yake akimletea andazi, analichukua kama aliyelikuta mezani. Ni makofi tu aliyoyajibu, na ya mama tu.

"Huyu ni chifu," mama alikuwa akisema. "Ninyi mnamwita kama mnaita kuku, kwa nini aitike?"

Kila mtu alikuwa na njia yake ya kutushauri. Jirani wa mlango wa pili alisema tumpeleke Kabwe, kule ziwani, kuna mzee wa mizizi. "Mtoto wa dada yangu aliongea kabla basi halijafika hapa stendi!" Wanajumuiya walitaka kuja kusali siku tisa. Mume wangu akasema, "Tuchague kimoja. Tukifuata vyote tutamchosha mtoto." Mimi ndiye niliyechagua hospitali, na nilichagua kwa sababu walitoa karatasi. Niliishia darasa la saba, na kitu kilichoandikwa nakiamini kuliko masikio yangu. Hakuna aliyenilazimisha.

Mtaalamu alikuja mjini mara mojamoja, na foleni ilikuwa ndefu. Alikuwa mpole. Alisema mtoto ana usonji, kwamba si laana, wala si kitu nilichokula nikiwa mjamzito. Nililia pale pale mbele yake. Halafu akamwona mtoto anavyopungapunga viganja karibu na macho, akaandika, akanieleza haraka haraka. Kila alichosema nilijibu, "Nimeelewa." Nyumbani niliibandika karatasi juu ya kabati la vyombo. Mistari miwili ninaikumbuka mpaka leo: Tumieni lugha moja nyumbani. Punguzeni tabia za kurudiarudia za mikono.

Nikamwambia mama, "Mama, wamesema tumsemeshe Kiswahili tu."

"Kiswahili changu mimi ni cha misani. Nimwambie nini, Bwana awe nawe?"

"Na makofi tuache. Ugonjwa wenyewe uko kwenye mikono."

Mama alicheka. "Sasa nimsalimie kwa nini? Kwa masikio?"

Sikucheka. Aliponiona sicheki, akarudi kupepeta ulezi.

Kesho yake alipiga magoti kwa mazoea, akapiga kofi moja, akakumbuka, akaacha. Mtoto akasubiri kidogo, kisha akaanza kupiga ya kwake. Nilimshika mikono yote miwili, nikaishusha mapajani pake, nikaikandamiza. "Hapana." Hakulia. Siku iliyofuata alipiga tena, nikaishusha tena. Nilifanya hivyo kila asubuhi mpaka ile Jumanne, ambapo mama alimwambia "Habari ya asubuhi" na mikono ya mtoto haikuinuka. Nilichukua kalamu nikaweka alama ya vema kwenye karatasi. Nilifurahi. Hilo siwezi kuliacha bila kuliandika.

Mama alikaa mpaka Pasaka ikapita. Alipepeta ulezi akiwa ameelekea ukutani, na mtoto akiwa nyuma yake, anatazama mlango. Siku moja akasema anakwenda kuangalia mahindi yake. Nilimpeleka stendi. Hakunilaumu.

Wakati wa baridi kali alikuja mtaalamu mwingine, mama mmoja wa makamo. Hakuanza na mtoto. Aliniuliza, "Nyumbani kuna mtu yeyote anayemjibu?"

"Alikuwepo."

Nikamsimulia. Akaomba karatasi, ambayo nilikuwa nimeibandua kuja nayo, akaisoma mpaka mwisho, akarudia kuisoma. "Mama," aliniambia, "hapa hawajataja salamu. Ile ndiyo iliyokuwa mazungumzo yake. Na Kifipa hakimdhuru. Mrudishe bibi, waendelee pale walipoachia."

Jumamosi yake tulipanda bodaboda ya mume wangu, mtoto katikati, upepo wa uwandani ukituchapa mpaka Mwazye. Mama alikuwa kitandani. Homa na kifua, wiki ya pili, hakutaka niambiwe. Nilipiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umemleta chifu?"

"Nimemleta. Mpigie makofi, mama. Nilikosea."

Aliingiza mikono chini ya blanketi. "Ulisema inamuumiza."

"Nilisoma vibaya."

Alinitazama muda mrefu, kama anayetafuta ni lipi kati ya maneno yangu la kuamini. Kisha akaitoa mikono, akakutanisha viganja. Havikutoa sauti. Vilikuwa vimekwisha nguvu, vinagusana tu kama mtu anayefuta unga. Akamwamkia kwa Kifipa, yote, mpaka mwisho, akipumzika katikati. Mtoto alikuwa anatazama mlango. Tulisubiri, mama, mimi na mume wangu. Kuku aliingia, akatoka.

"Amechoka na safari," mama alisema.

Tulipanga turudi Jumamosi inayofuata. Alhamisi walinipigia simu. Msibani wanawake waliingia mmoja mmoja wakipiga magoti na makofi, na mwanangu alijiziba masikio kwa mikono, akakaa hivyo mpaka tulipomtoa nje.

Sasa ana miaka sita. Kitengo cha elimu maalumu shuleni kimempokea kwa majaribio, siku mbili kwa wiki. Mwalimu anasema anakaa, hasumbui. Mume wangu bado anaulizia yule mzee wa Kabwe, nami sina tena ujasiri wa kumkatalia wala kumkubalia. Karatasi sikuibandika tena.

Kila asubuhi napiga magoti mbele yake. Nakutanisha viganja kama mama alivyovikutanisha, napiga taratibu, namwamkia kwa Kifipa. Nimefanya hivyo tangu tulipomaliza msiba. Hajawahi kujibu.

Leo asubuhi nilipoanza, aligeuka kutoka mlangoni. Alinishika mikono yote miwili, akaishusha mapajani pangu, akaikandamiza.