Gunia la Kumtegea Shangazi

Nitakayoyaandika hapa hamtayaamini, na wala sitawanunia. Hata mimi, niliyewahi kumkazia macho mamba hadi yeye akaona haya akageuka, nilipoambiwa mara ya kwanza nilisema, "Toka hapa, muongo mkubwa." Lakini aliyeniambia ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, na huyo hajui kudanganya. Kipaji hicho kiliishia kwangu. Sasa hivi amekaa upande wa pili wa meza hii, mikono kaificha kwapani, na ameniapisha nisitie chumvi hata punje.

Mpwa wangu ni mtega mondo. Mondo, kwa ninyi mliosoma sana mkasahau kuangalia nje, ni paka wa porini: miguu mirefu kama ameiazima, madoa mwili mzima, na masikio makubwa kama ya mtu anayefuatilia ugomvi wa jirani. Wanaishi kwenye matete yanayozunguka mabwawa ya majitaka, nyuma kabisa ya mtaa wa nyumba za kupanga. Panya huko ni wa kumwaga. Na kwa kuwa paka na mbwa wa mtaani nao hufuata panya haohao, ofisi ya mifugo ya mji ilitaka kujua hawa wa porini wanaambukizwa nini. Basi mpwa wangu anatega kizimba, daktari wa wanyama anamdunga mondo sindano ya usingizi, anavuta damu, na mnyama akizinduka anaachiwa aende zake.

"Kazi gani hiyo, kumtoa damu asiyeumwa?" dada yangu alimuuliza bintiye siku ya kwanza.

"Ndiyo tujue kabla hajaumwa, mama."

"Na mchumba akija utamwambia unafanya nini?"

"Huyo naye nitamtegea kizimba."

Mondo wote waliingia kizimbani, isipokuwa jike mmoja mwenye sikio lililochanika. Mpwa wangu alimwita Shangazi, maana alikuwa anafika bila hodi, ananusa kila kitu, hapokei cha mtu, na akikutazama unajikagua kama umeoga. Alitegewa vichwa vya kuku, akavipita. Alitegewa dagaa, akakizunguka kizimba, akakikojolea, akaondoka kwa maringo.

Ndipo akili ya ukoo wetu ikafanya kazi. Paka wa mitaani huletwa ofisini kuchanjwa, na wakisubiri zamu hulala juu ya magunia. Mpwa wangu alilichukua gunia alilolalia dume mmoja wa rangi ya machungwa, akaenda kulitandika ndani ya kizimba kule matetini. Mondo hataki mgeni kwenye eneo lake. Shangazi alinusa, akavimba, akaingia kumtafuta huyo mwenye harufu amwonyeshe kazi. Mlango ukashuka: kacha!

Sheria ya ofisi ni kwamba kizimba kikitoka kazini kinaoshwa kwa klorini, na yeye alikiosha. Gunia hakulifua. Angelifua, harufu ingekwenda na maji, na bila harufu gunia ni gunia tu.

Siku hiyo alirudi nyumbani ananuka matope, anacheka peke yake njiani kama aliyepata kichaa cha heri. Na majibu ya damu yalipotoka alirukaruka ofisini: Shangazi alikuwa safi, hajawahi kuguswa na ugonjwa wowote wa paka wa nyumbani.

Daktari hakuruka. "Usifurahi sana, binti. Safi maana yake mwili wake hauna kinga. Ugonjwa ukibisha hodi, mwili hautajua hata ni nani yuko mlangoni."

Haikupita wiki, yule dume wa rangi ya machungwa akarudishwa ofisini anatapika povu; chanjo ilimkuta kaambukizwa tayari. Akaharisha damu, akajikunja kwenye kona ya ofisi, akafa. Daktari alilitaja jina la ugonjwa, refu la kumaliza pumzi. Mtaani wanauita homa ya paka, basi.

"Huu mbaya," daktari akasema, anavua glavu. "Unang'ang'ania sakafuni, kwenye viatu, kwenye nguo. Unaweza kukaa miezi na miezi ukingoja paka mwingine."

"Na kwenye gunia?"

"Gunia ndiyo nyumbani kwake. Kwa nini?"

Mpwa wangu alitoka, akayakusanya magunia yote, yaliyolaliwa na yasiyolaliwa, akayachoma nyuma ya ofisi mpaka wakubwa wakafunga madirisha. Kisha akavisugua vizimba kwa klorini bila glavu, akarudia, akarudia tena, hadi ngozi ya vidole ikaanza kubanduka. Ndiyo maana leo mikono iko kwapani.

Halafu akaenda matetini. Shangazi alikuwa na watoto wawili. Mmoja alimkuta kando ya bwawa, tayari nzi wamemjaa. Wa pili alikuwa hai, amechuchumaa ukingoni, kichwa kakining'iniza juu ya maji. Kiu ilikuwa inamuua na kunywa hawezi. Shangazi mwenyewe alisimama pembeni yao, bado ana nguvu, maana homa hii huwaangusha wadogo kwanza. Ugonjwa alikuwa ameubeba kwenye manyoya, akawapelekea wanawe kwa kuwalamba.

Alimpigia daktari simu. "Mlete, tumtundikie dripu," daktari akasema. "Lakini mama yake yupo, usithubutu kumshika kwa mkono. Tega."

Akatega. Kizimba kinang'aa, nyama mbichi ndani. Shangazi akakizunguka, akakikojolea, akaenda zake, na mtoto hakumwacha mama yake. Kilichowahi kumwingiza Shangazi humo ni kimoja tu, lile gunia, na sasa lilikuwa majivu. Na hata lisingekuwa majivu, nani angelitandika tena? Asubuhi ile ikapita hivyohivyo, na iliyofuata pia.

Dada yangu alimfuata kulekule bwawani, pua kaifunika kwa mtandio. "Mwanangu, twende nyumbani. Ni paka huyo."

"Ni mimi niliyempelekea ugonjwa, mama."

"Paka wa mtaa mzima wanazurura huku! Si hata daktari amesema hawezi kujua umetoka kwa nani?"

"Daktari hajui. Mimi najua. Gunia nililitandika kwa mikono hii, nikalinyoosha pembe zake zisijikunje."

Dada yangu akaushusha mtandio begani. Akaketi naye kwenye matope.

Mtoto wa mondo akaanguka ubavu. Mpwa wangu akauchomoa mtandio begani kwa mama yake, akakatiza majini kumfuata.

"Atakurarua!"

"Anirarue."

Shangazi akatoka matetini, urefu wa ndama, meno kama misumari ya inchi sita, akamruka msichana wetu kichwani mara tatu, naye hakupepesa jicho. Akamfunga mtoto kwenye mtandio, akakimbia naye mtaa mzima hadi ofisini, daktari akatafuta mshipa mwembamba kama uzi, dripu ikaanza kudondoka. Mpwa wangu akakaa sakafuni, mtoto mapajani. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo penye lile nililosema hamtaliamini: jua likaingia dirishani, yule mtoto akafumbua macho yote mawili, akainuka kwa miguu minne, akatikisa masikio, akanywa bakuli zima la maz...

"Mjomba. Chumvi."

"Kidogo tu, mpwa wangu."

"Hakuinuka. Alinilamba kidole mara moja, hiki kilichobanduka, akafa. Andika hivyo. Na Shangazi hakuniruka, alinitazama tu. Hilo nalo andika."