Chupa za Mtafiti

Miaka ya tisini nyumba yetu, upande wa Shinyalu, ilikula kutoka pande zote mbili za ugomvi wa kitaalamu. Baba alikuwa kibarua wa kupunguza miti: kukata mipaini iliyosongamana ili iliyobaki inenepe. Mimi nilikuwa kibarua wa mtafiti aliyetaka kujua kama kazi ya Baba inaharibu. Miti ikipungua, alinieleza, mizizi ya kunywa rutuba nayo hupungua, na mvua huisomba rutuba hiyo hadi mtoni. Kwa hiyo kila wiki nilichota maji ya kijito chini ya wakataji kwa chupa zake, nikampelekea. Mchana Baba akate, jioni mimi nimchongee. Obusuma, ugali wetu, tulikula pamoja bila kinyongo.

Majibu yalipotoka, mtafiti mwenyewe alishtuka. Potasiamu, mojawapo ya rutuba hizo, ilikuwa kama imemwagwa kwa ndoo. Wakubwa wa msitu wakasimamisha ukataji, na Baba akarudi nyumbani na panga lake, akawa mtu wa kukosoa mboga.

Siku moja mtafiti alipita kwetu, akakuta chupa zake zimeanikwa juani, zinameta. Mama alimpokea kwa fahari.

"Daktari, mimi siwezi pelekea mgeni chupa chafu. Nazisuguanga na jivu, moja moja."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ulete. Kwani ulifikiri huyu msichana wangu anajua kuosha?"

Msomi wa watu alikaa chini palepale, juu ya kinu. Jivu limejaa potasiamu. Mto wetu ulikuwa umesingiziwa na jiko letu.

Nilicheka mpaka nikaona uso wa Baba. Msimu mzima hakumsemesha Mama, ila kila mgeni alisimuliwa jinsi mke alivyomfukuzisha mumewe kazi kwa usafi. Mama aliendelea kumpikia. Nilimwonea huruma, na Baba nikamkasirikia.

Upimaji ukaanza upya. Baba akaitwa msituni, chupa zikafungiwa sandukuni kwa kufuli. Niliomba Mungu maji yatoke safi, kuliko nilivyowahi kuombea mtihani wowote.

Majibu yakaja. Rutuba iliyopotea ilikuwa kidogo kuliko ile ya kwanza, lakini ilikuwa ya kweli, na ilitosha. Ukataji ukasimamishwa tena, safari hii moja kwa moja. Jioni hiyo Baba alimtazama Mama kwa muda mrefu, na naapa alikuwa akitamani kama Mama angekuwa amesugua hata chupa moja kwa jivu.