Mzinga Wangu wa Mishomoroni

Aibu hii nimeibeba mpaka mvi zimenitoka, na kila mwaka mwezi wa Ramadhani ukiandama hakosi mtu wa kunikumbusha, tena mbele za watu, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kuliko kuwaachia wanaotia chumvi (wapo wanaoapa kwamba nilipiga mzinga wa kweli, ule uliokuwa ukipigwa mjini kutangaza wakati wa kufuturu, waongo wakubwa).

Zilikuwa siku za mkoloni, miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa msaidizi wa Bwana Disuza, Mgoa aliyekuwa fundi wa bunduki mjini, na kazi yetu kubwa ilikuwa kuwatengenezea wawindaji risasi kwa mkono: unachukua ganda lililokwisha kupigwa, unalitia fataki mpya kitakoni, unapima baruti kwa mizani ndogo kama ya sonara, kisha unapachika risasi juu. Lakini risasi za mkono humpi mtu akaenda nazo mbele ya nyati hivi hivi. Lazima uzijaribu kwanza, uone zinapiga mahali pamoja au zinatawanyika, ukianza na zenye baruti kidogo ukipanda kwenye nyingi, na kila ukipiga unalitazama ganda, maana ukiona fataki imekuwa bapa, au komeo la bunduki limekataa kufunguka, ujue nguvu imezidi na usimame hapo hapo, la sivyo bunduki itakupasukia usoni.

Bwana Disuza alikuwa mtu wa taratibu mpaka anakera. Akipiga moja, angoje mtutu upoe, na haamini umepoa mpaka aushike kwa kiganja kama mama anayempima mtoto homa, kisha avae miwani, avue miwani, alitazame ganda, alinuse. Mimi nimefunga, koo limekauka, natazama tu.

Na siku hiyo ya Ramadhani nilikuwa na jambo langu. Nilikuwa nimemposa Mwanasha, binti wa Mzee Athmani wa Mishomoroni, na Mzee alikuwa amenizungusha weee (jibu kesho, jibu Ijumaa, jibu mwezi ukipinduka), mpaka siku ile akatuma neno nikafuturu kwake, nipewe jibu langu mbele ya majirani. Sifa kubwa ya Mzee Athmani ilikuwa kwamba tangu abaleghe hajapoteza saumu hata moja, si kwa homa, si kwa safari, na ukikaa naye kidogo tu atakueleza.

Kwa kawaida risasi tulizijaribia Mikindani. Mimi, mjanja, nikamwambia Bwana Disuza kuna machimbo ya mawe Kisauni, mazuri zaidi, na wachimbaji wakishaondoka alasiri hapana mtu. Hayo yalikuwa kweli, lakini sababu yangu ilikuwa kwamba pale ni karibu na kwa Mzee, nikimaliza kazi tu nimefika. Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Tulianzia chini shimoni, na risasi za mwanzo zikalala vizuri, tatu mahali pamoja, ungeweza kuzifunika kwa shilingi. Bwana Disuza akafurahi, na akifurahi ndipo anapozidi kuchelewa. Mara mvua ikashuka, ile ya masika isiyobisha hodi, shimo likaanza kujaa maji na mbingu ikawa nyeusi kama imeshaingia magharibi. Akasema tungoje maji yapungue. Tungoje! Nikamwambia, "Bwana, zilizobaki ni chache, tupande ukingoni tumalize." Akakubali, na laiti angekataa.

Zilizobaki zilikuwa zile zenye baruti nyingi kuliko zote, na ya kwanza ya namna hiyo Bwana Disuza haipigi begani. Aliifunga bunduki kwenye gurudumu kuukuu, akatia kamba kwenye kifyatulio, tukajificha nyuma ya jiwe. Kamba nilivuta mimi (siku zile mtu kama mimi kushika bunduki ilikuwa kesi, lakini kamba haina leseni). Wallahi sijapata kusikia mlio kama ule. Ukagonga ukuta wa machimbo, ukarudi juu ya minazi, ukaenda mpaka Mishomoroni.

Bwana Disuza akalikimbilia komeo, limekwama, akawa analigonga kwa nyundo ya mti huku akipiga kelele, "Imezidi hii! Imezidi!" Na mimi nini nilichosikia? Adhana. Nikashukuru Mungu, nikatoa tende mfukoni, nikasoma dua, nikala. Mimi! Mimi niliyevuta kamba!

"Abdalla," akasema Bwana Disuza, "saa yangu yaonyesha bado."

"Bwana Disuza," nikamjibu, na mdomo umejaa, "saa yaweza kukosea, mwadhini hakosei."

Akanipeleka kwa gari lake mpaka kwa Mzee Athmani, na kwa ustaarabu wa watu wa pwani naye akakaribishwa barazani. Majirani wote wapo, na mwadhini mwenyewe yupo, uji wa pilipili manga unapita, kaimati zimejaa sinia.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu. Leo mzinga umeusikia? Siku zote watufikia umechoka, leo hata vikombe vimetikisika!"

"Tumeusikia, Mzee," nikasema, nikachukua kaimati ya pili.

Basi hapo ndipo kutoka mjini, mbali, ng'ambo ya maji, ukalia mzinga. Dum. Mdogo, umechoka kama desturi yake.

Mwadhini kaimati imemkaa shavuni, hatafuni wala hatemi. "Na huu je?" akauliza Mzee. Mimi nikalijua jambo zima kwa mara moja, nikainamisha kichwa ndani ya kikombe nikitumaini litapita. Lingepita vipi, na Bwana Disuza yupo?

"Aa, ule wa kwanza ulikuwa wetu!" akasema, kwa furaha kabisa. "Abdalla ndiye aliyevuta kamba. Baruti ilizidi kidogo, lakini bunduki nzima."

Mzee Athmani akaweka tende chini. "Umri wangu wote," akasema polepole. "Umri wangu wote, leo nimelishwa mchana na mkwe."

Sitawaeleza maneno ya majirani. Mwadhini alisema nimemtwika dhambi za mtaa mzima, kana kwamba mimi ndiye niliyempandisha kuadhini bila kutazama saa! Na nyuma ya mlango nikamsikia Mwanasha akicheka, kicheko cha kujizuia, nikatamani ardhi ipasuke.

Mzee akatoa hukumu. "Binti nitakupa. Lakini humuoi mpaka kila aliyefuturu kwa mzinga wako awe ameilipa siku hii. Hatuanzi nyumba juu ya saumu za watu."

Jamani! Idd ikapita, nikaanza kuzunguka mlango kwa mlango. Huyu ana tumbo, yule yuko safarini Lamu, bibi fulani ananiambia haraka ya nini, mwaka mrefu. Mwadhini alinipiga chenga kama mchezaji mpira. Niliwabembeleza, niliwapelekea daku, mwingine nilimwamsha mwenyewe alfajiri. Na walipokwisha wote nikamwendea Mzee mbio, nikamwambia wamelipa, hakubaki mtu.

"Amebaki mmoja," akasema.

"Nani, Mzee?"

Akageuza uso. "Mimi."

Nilikasirika kweli. Mzee wa kufunga sunna Jumatatu na Alhamisi, siku moja tu imshinde? Nikamuuliza mbona. Akatazama ndani, Mwanasha alikokuwa akitwanga, akasema, "Mwanangu ni huyo mmoja, Abdalla. Nikilipa, ataondoka."

Hasira zote zikaniisha. Nikamwambia achukue wakati wake, na Jumatatu iliyofuata akafunga, Ijumaa tukaoana. Tangu hapo, Ramadhani ikiingia, mimi hata mlango siubamizi.