Sairakan Alipokataa Kuitikia Dua

Mke wangu Sairakan tumemzika kipupwe hiki. Alikuwa mtu wa woga. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, na zaidi alimwogopa baba yangu. Jina la baba hakulitamka hata mara moja; kwetu mke hatamki jina la mkwewe.

Baba alikuwa bingwa wa mchezo wa kunyang'anyana mzoga wa mbuzi juu ya farasi. Wajukuu aliwafunza hivi: "Ukigongwa kichwa, nyamaza. Kichwa si yai."

Siku moja mwanetu Ulukbek akaanguka mazoezini, kwato ikampiga juu ya sikio. "Si kitu, mama," alisema. Lakini jioni alimwita farasi wake kwa jina la yule tuliyemchinja mwaka uliopita. Sairakan akaacha kula.

Siku ya mchezo vijana walikuja kwetu, baba awaombee dua kabla ya kupanda.

"We Uluk, mbona umepauka kama jibini kavu? Umeota mchumba?" mmoja wao alimtania.

Wakacheka. Baba naye akacheka. "Mjukuu wangu, kichwa kizima?"

Mtoto alimtazama babu yake usoni kwanza. "Kizima, babu."

Tukafungua viganja. Vya Sairakan vikabaki magotini. Na dua isiyoitikiwa na mama wa nyumba, kwetu hakuna apandaye nayo.

"Mkwe, una kidonda mikononi?"

Sairakan alivikunja viganja vyake. "Baba, hii sitaiitikia. Huyu mpaka akutazame wewe ndipo ajue kama anaumwa."

Nilidhani leo atafukuzwa.

Akamgeukia mwanawe. "Uluk, nitazame mimi. Unaona nini?"

"Mama... mko wawili."

Baba akauliza polepole, "Tangu lini?"

"Tangu nilipoanguka, babu. Niliogopa utanicheka."

Baba alitoka mwenyewe akamvua farasi wa mjukuu tandiko.

Njia nzima ya kwenda hospitali mtoto alisinzia mapajani mwa mama yake. "Niambie jina lako!" mama alirudia. Kila mara jibu lilichelewa zaidi. Daktari alisema damu imevuja ndani ya kichwa, wakampasua hapohapo.

Ukumbini baba alishika kofia yake mkononi. "Mwanangu, watamrudisha?"

"Sijui, baba."

Walimrudisha. Mguu mmoja anauburuta.

Wenzake walipokuja kumwona, baba aliwaketisha mmoja mmoja mbele ya Sairakan. "Aliyegongwa amwambie huyu," alisema. "Mimi msinitazame."